Ustahimilivu na Uvumilivu: Uhakiki wa Istilahi za Stadi za Kijamii na Kihisia

Miongoni mwa nyanja ambazo istilahi zake zimeingia nchini kwa haraka kuliko uchambuzi wake, mojawapo ni hii ya kuwafundisha wanafunzi kuzitambua hisia zao, kuishi vyema na wenzao na kuamua mambo kwa busara. Huko Marekani nyanja hii ilipata chombo chake mwaka 1994, ilipoundwa CASEL, asasi ambayo imeigawa elimu hiyo katika mafungu matano: kujitambua, kujitawala, kuwatambua wengine, kujenga uhusiano, na kufanya uamuzi wenye kuwajibika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya stadi za maisha kwa ajili ya shule. Kutoka huko dhana hizo zimefika katika miongozo, semina na vitabu vyetu, na kila iliyofika imelazimika kuvishwa nguo ya Kiswahili. Makusudi yetu katika makala haya ni kuzitazama nguo hizo: zipi zimeenea, zipi zinabana, na zipi zinaweza kumdhuru aliyevishwa.

Yafaa tuseme mapema kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lilidai kwamba shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine, na anayejiamini kuwa ni mtu huru aliye sawa na wenziwe, anayewathamini na kuthaminiwa nao. Kabla ya hapo, Kiswahili kilikuwa na kitenzi kufunda, kilikuwa na malezi, adabu, staha, haya na utu, na kilikuwa na methali inayomwonya mzazi kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hivyo mtafsiri anayeingia katika nyanja hii haingii katika nyumba tupu. Akiingia na samani zake mwenyewe bila ya kutazama zilizomo, atajikwaa.

Ili uhakiki wetu usielee hewani, tumechagua kumfikiria msikilizaji mmoja: mwanafunzi wa shule ya msingi katika mji wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Nyumbani, aghalabu, husema Kisukuma. Kiswahili ndicho lugha ya darasani kwake, na maneno mengi ya Kiswahili ya mambo ya moyoni huyasikia kwanza kwa mwalimu. Wilaya yake ni kavu. Watu wake hulima pamba na mtama na hufuga ng'ombe. Mgodi wa almasi wa Mwadui umo humo wilayani, na upande wa magharibi, kupitia Kahama hadi Geita, kuna machimbo ya dhahabu yanayowavuta vijana. Istilahi itakayomfaa mtoto huyu itawafaa wengi.

Tuanze na jina la jumla, stadi za maisha. Neno stadi katika kamusi za zamani lilikuwa jina la mtu, yaani fundi hodari. Ujuzi wake uliitwa ustadi. Matumizi ya leo yameligeuza kuwa jina la ujuzi wenyewe, nasi hatuna ugomvi na hilo, kwa kuwa lugha hukua. Tatizo liko katika muungano wake na neno maisha. Katika ukanda wa machimbo, kijana anayekwenda kutafuta maisha anakwenda kutafuta riziki. Tena neno stadi limekwisha kuzoeleka katika ufundi stadi na katika somo la Stadi za Kazi. Basi mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anafundishwa stadi za maisha, ana haki ya kutazamia cherehani, useremala au ufugaji wa kuku. Hatupendekezi jina hilo lifutwe, kwani limekwisha kuota mizizi. Tunataka lisitumike peke yake pale ambapo kinachokusudiwa ni hisia na mahusiano.

Mfano wa pili ni haiba. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo, na somo hilo halikubaki katika mtaala uliofuata, ambao ulileta Uraia na Maadili. Waliolichagua neno haiba walitaka kusema makuzi ya nafsi ya mtoto. Lakini katika Kiswahili cha watu haiba ni sifa ambayo wengine humwona nayo mtu: sura, mwenendo na heshima inayompendeza mtazamaji. Haiba huonekana kwa nje, ilhali somo lilihusu pia mambo ya ndani. Istilahi ya namna hii haina kosa la sarufi, walakini humwelekeza mwalimu upande mwingine, akafundisha usafi wa sare na namna ya kusimama, akaamini kwamba amemaliza kazi.

Kujitambua ni neno zuri, lakini lina makali. Hospitalini, mgonjwa asiyejitambua amepoteza fahamu. Mtaani, kijana anayeambiwa hajitambui ametukanwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayesikia kwamba leo atafundishwa kujitambua aweza kudhani kwamba anashutumiwa. Neno kujieleza nalo limepatwa na mkasa kama huo. Katika miongozo, maana yake ni kutoa yaliyo moyoni kwa ufasaha. Katika ofisi ya mwalimu, “jieleze” ni amri anayopewa mtuhumiwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, navyo vichapwe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mahali ambapo fimbo imo katika mazungumzo, mtoto akiambiwa ajieleze hutafuta kwanza namna ya kujitetea. Pengine kusema yaliyo moyoni ni maneno marefu zaidi, lakini hayamtishi mtu.

Huruma imetumiwa kwa uwezo wa kuelewa hali ya mwenzio kana kwamba ni yako. Hapa tafsiri imepungua. Huruma huteremka kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Maskini huonewa huruma, na wengi hawapendi kuonewa. Stadi inayokusudiwa huwaweka watu wawili katika ngazi moja. Tumeona baadhi ya waandishi wakiandika kuvaa viatu vya mwenzio, msemo ambao umevuka bahari pamoja na viatu vyake. Kiswahili cha kila siku husema jiweke katika nafasi yake, na hilo latosha. Istilahi si lazima iwe neno moja.

Sasa tufike kwenye jozi iliyotupa kichwa cha makala haya. Uwezo wa mtu kupatwa na dhiki, akayumba, kisha akarudi kusimama, huitwa katika maandiko mengine ustahimilivu na katika mengine uvumilivu, wakati mwingine ndani ya ukurasa mmoja. Watafsiri wengi wanaona kwamba hayo ni visawe. Sisi tunaona kwamba kuyachanganya ni hatari.

Uvumilivu ni sifa, nasi hatuikani: mvumilivu hula mbivu. Lakini vumilia pia ni amri ya mkubwa kwa mdogo, na aghalabu ndiyo inayomaliza shauri. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, kabla haujamegwa, asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa kupata ujauzito wangeruhusiwa kurejea. Katika mazingira haya, msichana anayefundishwa darasani kwamba stadi kubwa ya maisha ni uvumilivu anafundishwa nini? Anasikia neno lile lile atakaloambiwa siku ya kutolewa mahari: vumilia. Kitabu kilichokusudia kumpa nguvu kimempa adui yake hoja.

Vivyo hivyo kwa mvulana anayebeba mawe kwenye machimbo madogo na kushika zebaki kwa mikono mitupu, hali ambayo Human Rights Watch ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013. Akisifiwa uvumilivu, anasifiwa kwa kudhurika. Na tarehe 7 Novemba, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope kufunika nyumba na mashamba, watoto wa vijiji jirani walihitaji kupewa pole, kusikilizwa na kusaidiwa kurudi katika hali yao. Kuwataka wanyamaze kusingekuwa msaada.

Je, ustahimilivu una nafuu? Kwa asili neno hili ni ndugu wa himili na hamali, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, kwa hiyo nalo lina mzigo ndani yake. Lakini matumizi yamelipa maana ya ziada, na waliolipa ni wakulima. Mkulima wa Kishapu anajua maana ya mazao yanayostahimili ukame. Jua likizidi, mtama hukunja majani na kusimamisha ukuaji. Mvua ikirudi, huendelea kukua na kuzaa. Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Mtama haustahimili kwa kupenda jua. Unahitaji mvua irudi, kama mtoto anavyohitaji mtu wa kumsaidia.

Tunalo funzo jingine kutoka mkoa huo huo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipotaka wananchi watenge malisho ili miti irudi, uliweza kubuni istilahi ndefu ya kitaalamu. Badala yake ulichukua neno la Wasukuma, ngitili, likaingia katika maandiko ya wataalamu, na mwananchi hakuhitaji kamusi. Katika elimu ya hisia kazi kama hiyo haijafanywa vya kutosha. Tathmini ya ALiVE ya mwaka 2022, iliyofanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, ilipima kujitambua, kushirikiana, kutatua matatizo na heshima. Kuwekwa kwa heshima katika orodha hiyo ni hatua ya kusifiwa. Hata hivyo tuangalie isije nayo ikafasiriwa kuwa ni kunyamaza mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Stadi za maisha libaki kuwa jina la jumla, na sehemu hii iitwe stadi za hisia na mahusiano, jina ambalo mzazi atalielewa.

(b) Ustahimilivu utumike kwa uwezo wa kupita katika dhiki na kurudi kusimama, na fasili yake itaje wazi kuomba msaada. Uvumilivu ubaki kwa maana ya subira. Maneno haya yasibadilishane.

(c) Uwezo wa kukataa jambo baya bila ya kumvunjia mtu heshima uitwe kuwa na msimamo, ili mwanafunzi anayekataa asiitwe jeuri.

(d) Hisia liwe neno la jumla, na mihemko liachiwe hisia zinazopanda ghafla, kwa kuwa tayari lina harufu ya lawama.

(e) Kila istilahi ya nyanja hii ijaribiwe kwa walimu na wanafunzi wasemao lugha nyingine nyumbani kabla ya kusanifiwa.

Mtafsiri akikosea jina la sehemu ya mashine, fundi atalisahihisha akiiona mashine yenyewe. Akikosea jina la jambo la moyoni, mtoto hana kitu cha kukitazama ili alisahihishe. Atalishika neno kama alivyopewa, na ataishi nalo. Tunawaomba walimu na watumishi wanaotumia istilahi hizi kila siku watuletee maoni yao.