Wepesi Si Upungufu: Singeli katika Harusi za Moshi

Hakuna fani ya sanaa katika nchi za Waswahili ambayo haijapata kushitakiwa kwa kosa la wepesi. Washairi wa arudhi waliwashitaki wenzao wa mashairi huru kwamba wanaikimbia kazi ya vina na mizani. Wa mashairi huru nao wakajibu kwamba vina vimekuwa vyepesi hata mtu aweza kuvipanga bila ya kuwa na neno la kusema. Wapenzi wa taarab ya udi na fidla walisema hayo hayo juu ya taarab ya vinanda vya umeme, ile iliyopewa jina la rusha roho. Baadaye shitaka likahamia kwa singeli, muziki wa dansi utengenezwao kwa kompyuta. Kesi yake husikika hata mbali na pwani ulikozaliwa: mjini Moshi na katika vijiji vya mlimani, tangu Machame hadi Rombo, hasa unapofika mwezi wa Desemba.

Sababu ya Desemba yajulikana. Wachagga walioko Dar es Salaam na kwingineko hurejea kwao kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya, na kwa kuwa jamaa wote wamekusanyika, huo ndio wakati wa harusi, kipaimara na vikao vya ukoo. Wanaorejea huja na muziki wa miji walikotoka. Hivyo basi, harusi moja ya Moshi huweza kubeba muziki wa zama tatu kwa siku moja. Kanisani huimba kwaya. Msafara wa magari utokapo kanisani hutanguliwa na matarumbeta, wapigaji wake wakiwa wamesimama katika gari la wazi. Usiku, ukumbini, baada ya ndafu kukatwa na zawadi kutolewa, DJ hushika zamu. Hapo ndipo singeli huingia, na hapo ndipo wapenzi wa muziki hugawanyika.

Hugawanyika makundi matatu. La kwanza ni la wale wanaosema kwamba singeli ni kelele tupu, na kwamba sherehe ya watu wenye heshima hutosheka na matarumbeta na dansi la zamani. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni la wanaoipenda singeli kama wanavyoisikia redioni: yenye mwimbaji, kisa na kiitikio, mfano wa zile za Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila. La tatu ni dogo, aghalabu la vijana wanaofuatilia muziki kwa njia ya intaneti. Hao hushikilia kwamba singeli ya kweli ni ile ngumu ya studio za Mburahati, isiyo na huruma kwa msikilizaji, na kwamba ya redioni ni uji uliotiwa maji. La ajabu ni kwamba kundi la kwanza na la tatu, ambayo hayapatani katika jambo jingine lolote, hukutana katika hukumu moja: kwamba singeli nyepesi, ile inayowainua watu vitini, haina thamani. Hukumu hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama vile Manzese, Tandale na Mburahati. Mzazi wake wa karibu ni mchiriku, muziki wa mtaani uliotumia kinanda kidogo cha Casio, ngoma na vipaza sauti vilivyochakaa. Bendi ya Jagwa Music iliupeleka ng'ambo kwa albamu ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Katika vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, wapigaji walianza kuvichukua vipande vifupi vya taarab, wakavizungusha bila ya kikomo na kuviongezea kasi, huku mghani akirusha maneno juu yake. Matokeo yake ni muziki wa mapigo yapatayo 200 hadi 300 kwa dakika, ilhali muziki wa kawaida wa disko hauendi mbali sana na mapigo 120. Msikilizaji wa Unguja akitega sikio vyema atalitambua humo vazi la nyumbani, ingawa limekatwa na kushonwa upya.

Kutoka shina hilo yaliota matawi mawili. Nyumbani, redio kama EFM ya Dar es Salaam ziliupa nafasi muziki huu, na katikati ya miaka ya 2010 wimbo wa Man Fongo uitwao Hainaga Ushemeji ukaenea nchi nzima. Ng'ambo, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Zikafuata albamu kama Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2018 na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022, na vijana hao wakaitwa katika majukwaa ya Ulaya. Tawi la kwanza lilipendwa na umma, la pili likasifiwa na wahakiki wa mbali. Tangu hapo, anayetaka kuonekana mjuzi huona afadhali alisifu la pili na kulibeza la kwanza.

Hata hivyo, hoja ya watetezi wa singeli ngumu si ya kudharauliwa. Wanasema kwamba mitambo ya Mburahati haijisingizii kuwa gitaa wala fidla. Imeachwa iseme kwa sauti yake yenyewe, na kwa kufanya hivyo imelifikisha sikio la binadamu mahali ambapo halijapata kufika. Wimbo mwepesi, kwa maoni yao, hurudia lile lililokwisha kukubalika, na sanaa isiyomdai msikilizaji chochote humwacha palepale ilipomkuta. Ni hoja nzito. Mshairi yeyote aliyewahi kutafuta neno jipya badala ya kulikubali lile lililo tayari mdomoni ataielewa.

Lakini hoja hiyo inamchukulia msikilizaji kuwa mtu mmoja aliyeketi peke yake. Ukumbini hali si hiyo. Chukua wimbo wa mapigo 240 kwa dakika. Hakuna mguu wa mtu mzima unaoweza kulifuata kila pigo kwa muda mrefu, kwa hiyo kila mchezaji hulazimika kuugawa wimbo kwa kadiri ya mwili wake. Bibi wa bwana harusi hukanyaga pigo moja katika kila manne, yaani mara 60 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Shangazi zake huchukua pigo moja katika kila mawili, kwa mabega zaidi kuliko miguu. Watoto huyarukia yote mpaka pumzi zikatike. Wimbo mmoja, mbio tatu, na hakuna aliyekosea. Kazi ya singeli nyepesi ni kuiacha wazi milango hiyo mitatu: besi hulishikilia pigo la polepole lisipotee, kiitikio hurudi mahali kinapongojewa, na mghani huwaambia watu wafanye nini kabla hawajachelewa. Singeli ngumu huyajaza mapengo yote kwa makusudi, na huo ndio uzuri wake. Lakini ndivyo inavyomrudisha bibi kitini.

Hivyo wepesi huu ni matokeo ya mpango. Anayedhani kwamba ni jambo rahisi kuwachezesha pamoja watu wa vizazi vitatu, wengine wakiwa na viatu vya kubana na wengine wamekwisha kunywa mbege, na ajaribu. Kuna pia hila ya ukimya: DJ huikata ngoma ghafla, nao watu wote ukumbini huumalizia ubeti kwa sauti zao. Hapo wimbo huwa mali ya waliohudhuria. Wajuzi wa kibati cha Pemba, ambamo watu hujibizana mbio mbio kwa maneno ya papo kwa papo huku kiitikio kikiwashika wote, hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni. Kasi ya ulimi na urahisi wa kiitikio ni ndugu wa siku nyingi.

Ama kundi la kwanza, la wapenzi wa matarumbeta, lina jambo moja la kukumbushwa na jingine la kukubaliwa.

La kukumbushwa ni kwamba tarumbeta nayo haikuota mlimani pamoja na migomba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na upigaji wa tarumbeta umestawi hapo katika malezi ya kanisa lao. Pwani nako, tangu miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walizigeuza bendi za wageni wakapata ngoma ya beni, ambayo baadaye ilitambaa bara kwa vyama vyake vya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Beni nayo ilibezwa kuwa ni uigaji usio na maana. Chombo cha shaba kiligeuka kuwa chetu kwa kutumiwa, na kilitumiwa kwa sababu kilimruhusu kila mtu aingie: mtu hahitaji somo ili aufuate msafara akipunga leso. Kwa maneno mengine, matarumbeta yalipata uraia wake kwa wepesi ule ule ambao wapenzi wake wanaulaumu katika singeli.

La kukubaliwa ni zito zaidi. Kikundi cha matarumbeta ni watu. Wamejifunza kwa wakubwa wao jinsi ya kupumua, kusikilizana na kungojana, na malipo ya harusi hugawanywa miongoni mwao. DJ mmoja mwenye kompyuta anaweza kukijaza kile kile chumba cha sauti, na fedha zikaenda mfuko mmoja. Mzee anaposema kwamba singeli si muziki, pengine asichoweza kukitamka ni kwamba shule ya muziki ya kijiji chake inakosa wanafunzi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inawekwa mahali pasipo pake. Singeli nayo ina shule yake, ya vijana wanaobanana mbele ya kompyuta moja katika chumba kidogo na kufundishana. Tatizo la Moshi ni kwamba shule hiyo iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, na mlima hupokea kilichokwisha kupikwa.

Wapo pia wanaoukataa muziki huu kwa ajili ya lugha yake, na hao aghalabu ni watu wa kalamu. Jina lenyewe la Hainaga Ushemeji huwaumiza: wapi katika Kiswahili sanifu pana "hainaga"? Hapana. Hata hivyo, kiambishi hicho cha mwisho, chenye maana ya mazoea, ni cha kale sana katika lugha za Kibantu, na kimehifadhiwa katika lugha nyingi za bara ingawa Kiswahili cha pwani kilikiacha. Watoto wa Dar es Salaam, ambao wazazi wao walitoka kila pembe ya nchi, wamekirudisha bila ya kujua kwamba wanafukua hazina. Mhariri ana haki ya kukikataa katika insha; mhakiki hana haki ya kukiita ujinga.

Kusema hivyo si kuzisafisha singeli zote nyepesi. Nyingi ni mbovu, na ubovu wake unaweza kutajwa bila ya kuisingizia fani nzima. Zipo zinazomdhalilisha mwanamke kwa sababu mtunzi amekosa neno, si kwa sababu ana kisa. Zipo zilizonakiliwa kutoka wimbo uliofaulu juma lililopita, kiitikio kimebadilishwa jina tu. Zipo ambazo mghani hana pumzi, naye hujificha nyuma ya kasi kama vile mshairi dhaifu anavyojificha nyuma ya vina. Vipimo, basi, viko: je, kiitikio bado kina ladha kinaporudi mara ya kumi? Je, maneno yanabaki na maana ngoma inapokatwa? Je, milango ya bibi, shangazi na mtoto imeachwa wazi yote mitatu? Wimbo uliofaulu vipimo hivyo ni wimbo mzuri, nao haupungukiwi na kitu kwa kutosifiwa Ulaya.

Kuna kipimo cha nne, nacho kinauhusu mlima wenyewe. Mburahati ilichukua kipande cha taarab ya visiwani, ikakikata na kukizungusha mpaka kikawa kitu kingine. Ufundi huo huo waweza kulichukua tarumbeta la msafara wa harusi, au itikio la iringi, ngoma ya Wachagga. Kijana wa Uru au Kibosho atakayelifanya hilo hatakuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa kundi lolote kati ya yale matatu. Na mlango atakaopitia ni singeli nyepesi, kwa kuwa ndiyo aliyoisikia harusini kwa dada yake. Nyimbo za Sisso atazifikia baadaye, akishajua anatafuta nini.

Siti binti Saad aliitoa taarab katika Kiarabu cha barazani kwa masultani, akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kuirekodi. Walikuwapo waliomcheka kwa asili yake ya shamba. Leo jina lake ndilo kipimo wanachopimiwa wengine, na wanaolitaja ili kuiponda singeli husahau kwamba alianza kwa kuimba lugha ambayo kila mtu mlangoni aliielewa.