Kuutafuta Moto wa Mashine ya Boti

Soko la Owino lilianzishwa mwaka 1971, na kwenye nyaraka rasmi linaitwa St. Balikuddembe. Kampala nzima hulijua kwa mitumba. Mimi hunivuta vyuma vyake: spana zilizokwishapita mikono mingi, na pembeni, mashine ndogo ya boti ya zamani iliyofungwa kwenye ubao, kichwa wazi, imeletwa kutoka ziwani kwa sababu haiwaki. Mfereji wa Nakivubo unaopita jirani huishia Ziwa Victoria, huko huko inakotakiwa kurudi.

Mashine za aina hiyo hazina betri. Sumaku zimenaswa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la juu. Ukivuta kamba, sumaku hupita karibu na koili na umeme huanza kutembea. Platini, yaani vidoto viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, zinapoachana, umeme huo hukatika ghafla, na kukatika huko ndiko kunakozaa maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi kama cheche: huo ndio moto. Kila kitu ni kidogo, kimefichwa, na chochote kati ya hivyo chaweza kuwa mgonjwa.

Fundi hodari hakimbilii kununua kipuri. Hufungua plagi kwanza. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, petroli haifiki, na shida huenda si moto. Ikiwa imelowa, huifuta, huigusisha kwenye chuma cha mashine mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, huikinga jua kwa kiganja, kisha huvuta. Cheche ya buluu yenye nguvu ni habari njema. Ya njano, nyembamba, au giza tupu, inamwambia aendelee.

Hapo anafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: anachomoa waya wa swichi ya kuzimia. Waya huo huzima mashine kwa kuupeleka umeme kwenye bodi, kwa hiyo ukichubuka na kugusa chuma, mashine nzima husimama ilhali koili ni nzima na platini ni safi. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi. Wateja wengi hunung'unika kumlipa mtu aliyezungusha utepe tu kwenye waya. Naona wanamdhulumu, maana kilichouzwa pale ni kujua.

Waya ukiwa mzima, flaiwili hutolewa kwa kifaa chake cha kuvutia, bila kupigwa nyundo ovyo. Kabari ndogo inayoishika hukaguliwa, kwa kuwa ikikatika kidogo tu, moto huja wakati usio wake: cheche nzuri kabisa, na mashine inagoma au inarudisha kamba kwa nguvu. Platini zilizolala muda mrefu huota kutu nyepesi. Msasa laini huiondoa, kisha kipande cha karatasi safi hupitishwa katikati kutoa vumbi na mafuta, na nafasi hupimwa upya. Kwa mashine nyingi ni karibu nusu milimita.

Ila kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na platini, ndiyo inayonifanya niwaheshimu mafundi hawa. Kondensa mbovu yaweza kuwa na adabu asubuhi. Mashine inawaka pale Ggaba, ufukweni mwa ziwa, kwa mvuto mmoja, mvuvi anaondoka. Ikishapata joto, moto unafifia na boti inabaki inasukwa na mawimbi. Ikipoa, inawaka tena. Mwenyewe akiileta sokoni, haina dosari yoyote.

"Ssebo, si inawaka? Nipe niende," anasema.

"Subiri ichemke, mzee."

Basi mashine inatumbukizwa kwenye pipa la maji na kuachwa ikinguruma, mwenye boti akitazama saa. Ikizima, fundi hangoji ipoe. Anang'oa plagi ingali inaunguza vidole, anavuta kamba, anaangalia. Cheche ikiwa imefifia, kondensa inabadilishwa kwanza kwa kuwa ni rahisi, na koili baadaye ikibidi. Ikiwa bado ni ya buluu, anahamia kwenye kabureta, na koili ya watu inabaki mahali pake.