Pongezi kwa Wauguzi wa Watoto Njiti

Muuguzi wa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wiki 37, husifiwa kwa gramu anazoongeza mtoto. Mimi namsifu kwa utulivu anaomrudishia mama. Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, ina takriban kilomita za mraba 21,900, na si kila mzazi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, Kitengela au kwenye manyatta ya mbali, anaweza kurudi kila siku wodini alikobaki mtoto wake. Asiyeweza hubaki na hofu, na lawama asizostahili. Muuguzi anapomfundisha kukamua maziwa na kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, humrudishia umama wake.

Wapo wanaodai kuwa mama huleta vijidudu wodini. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Tanzania na nchi nyingine nne, ulionyesha kinyume: kuwabeba watoto ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25, na visa vilivyoshukiwa vya maambukizi kwenye damu vilipungua pia. Wengine husema wauguzi ni wachache mno kuwa washauri nasaha. Ni kweli, tena wamechoka; lakini mama aliye wodini huwapunguzia kazi. Anahitaji kitanda tu.