Maneno Aliyokatizwa Mwana Mpotevu

Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, maungamo ya mwana mdogo tunayasikia mara mbili, na mara ya pili yamepungua. Kule ugenini, njaa ikimuuma hadi anatamani maganda ya nguruwe, anayapanga moyoni: atakiri kwamba amemkosea Mungu na baba yake, atasema hastahili tena kuitwa mwana, kisha ataomba awekwe kama kibarua. Mambo matatu. Akifika nyumbani anayasema mawili. La kibarua halisikiki. Baba amekwisha kuwageukia watumishi na kuagiza vazi, pete, viatu na ndama aliyenona.

Luka hasemi kwamba baba alimkatiza, wala hatufungulii moyo wa mzee huyo. Anaacha pengo tu, mahali ambapo msomaji anajua fika ni maneno gani yalipaswa kufuata. Sharti ambalo mwenye dhambi alijiwekea mwenyewe linakosa nafasi ya kutamkwa. Sijui mahali pengine katika Injili ambapo furaha ya Mungu imeoneshwa kwa ufundi mkubwa hivi.

Tena baba hamwambii mwana huyu neno hata moja. Anamwona angali mbali, anamkimbilia, anamkumbatia, anambusu. Lakini maneno yake yote yanaelekezwa kwa watumishi. Msamaha hautangazwi, unavikwa mwilini. Na vinavyoagizwa vinajibu ombi lile lisilosikika, maana kibarua havikwi pete.

Mifano miwili iliyotangulia ina umbo lake. Kila mmoja unaanza kwa swali, mwenye mali anatafuta, anapata, anaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Kisha Yesu anatoka nje ya hadithi na kusema habari za furaha ya mbinguni kwa ajili ya anayetubu. Ajabu ni kwamba hakuna anayetubu humo. Kondoo anabebwa mabegani. Sarafu imelala pale pale mpaka taa iwashwe na nyumba ifagiliwe. Kazi yote ni ya mtafutaji, na furaha yake haimtoshi peke yake, lazima aigawe. Hesabu nayo inazidi kubana: mmoja kati ya 100, moja kati ya 10, mmoja kati ya wawili.

Katika mfano wa tatu umbo hilo linavunjika. Yesu hatoki nje kutufafanulia. Ufafanuzi anapewa baba, naye anautoa mara mbili: aliyekufa yu hai, aliyepotea amepatikana. Kwa watumishi anamwita mwanawe. Kwa mwana mkubwa anamwita ndugu yako, akimrudishia udugu alioukana muda mfupi uliopita kwa kusema “huyu mwana wako”. Wale 99 wasiohitaji toba, waliotajwa kwa kupita tu kwenye habari za kondoo, sasa wamepata sauti. Mwana mkubwa anatoka shamba, anasikia muziki na watu wakicheza, na badala ya kuingia anamhoji mtumishi mlangoni. Anadai mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Baba anatoka tena, mara ya pili siku hiyo hiyo, kumsihi.

Hapo hadithi inakatika, baba angali anazungumza nje. Kama kaka aliingia au alibaki uani, hatuambiwi. Wa kujibu wapo: sura ilifunguliwa na Mafarisayo na waandishi wakinung’unika kwamba Yesu anawapokea wenye dhambi na kula nao. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mahubiri ya sura hii yakiishia kwenye kumbatio na ndama, watu wakashangilia, ibada ikafungwa. Mhubiri huyo ameruka mistari minane, kuanzia wa 25 hadi wa 32, ambayo Yesu aliwaandalia waliokuwa wamesimama mbele yake na hawataki kuingia.