Jahazi la Mezani

Jahazi la mita 15 likipunguzwa mara 20 linabaki sentimita 75. Linaenea juu ya meza ya kawaida, na kamba zake zinageuka uzi wa kushonea. Hesabu hiyo ni nyepesi. Ugumu huanza pale mwenye meza anaposhika patasi na kutambua kwamba kila kiungo cha chombo kina sababu yake, na kwamba hawezi kukichonga vyema kabla ya kuielewa.

Huanza na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kisha hanamu mbele na fashini nyuma. Baada ya hapo njia zinaachana. Meli ndogo zinazouzwa kwa maboksi huko Ulaya na Marekani huja na ramani pamoja na mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyokwisha kukatwa. Mnunuzi huyasimamisha juu ya mkuku, kisha huyavika mbao. Mapokeo ya mafundi wa Matondoni kule Lamu, na wa Nungwi kule Unguja, ni mengine: mbao za chini hutangulia, na mataruma hufuata umbo ambalo jicho la fundi limekwisha kulikubali. Ramani haipo. Anayejenga jahazi dogo kwa njia hii huchelewa, na pengine hung'oa leo ubao alioupigilia jana, lakini ndiye anayejua ubavu wa chombo unazaliwaje. Taruma la jahazi kubwa hukatwa kutoka tawi lililojipinda lenyewe, maana nyuzi za mti zikifuata mkunjo, mti hauvunjiki upesi. Mjenzi wa mezani naye huanza kuvitazama vijiti vya uani kwa macho mapya.

Kisha zinakuja kamba, na hapa ndipo penye utamu wote.

Mlingoti wa jahazi umeinamia mbele kidogo, na foromali iliyobeba tanga huning'inia kwa henza, kamba ya kupandishia tanga. Chombo kinapogeuza upande wa upepo, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake, na kamba zinazoushikilia mlingoti huhamishiwa upande unakotoka upepo. Kwa hiyo kamba hizo hazina budi kufunguka. Anayezigandisha kwa gundi amepata pambo la kabati. Anayezifunga kwa fundo la kweli, akapitisha henza ndani ya kapi dogo analolitoboa kwa sindano, anaweza kulipandisha na kulishusha tanga kwa kidole, na demani, kamba ya kuongozea tanga, ikavutwa ikaitika. Huyo amelielewa jahazi kuliko abiria wengi waliowahi kulipanda.

Majini kuna jambo jingine. Kipimo cha 1 kwa 20 hupunguza eneo la tanga mara 400, lakini uzito wa chombo hupungua mara 8,000. Jahazi dogo lililofuata vipimo kwa uaminifu huwa na tanga kubwa mno kwa uzito wake, na upepo mdogo hulilaza. Dawa ni kupunguza tanga, au kufunga risasi chini ya mkuku.

Thamani ya vyombo hivi vidogo huonekana zaidi pale vikubwa vinapotoweka. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, uliondoka baharini katika karne ya 20. Watafiti waliotaka kujua ulivyokuwa walitegemea picha, masimulizi ya wazee, na mitepe midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa upya ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Mikono iliyochonga mitepe ile midogo inastahili heshima ileile tunayowapa waandishi wa tarehe.

Kwa mwenye subira, mtepe ndio mtihani mkubwa. Ubao hutobolewa kingoni, uzi hupitishwa na kukazwa, kisha kila tundu huzibwa kwa kijiti, mshono baada ya mshono, hadi juu. Omo, ncha ya mbele, hupewa shingo ndefu, ambayo inasimuliwa kuwa ni ya ngamia wa Mtume. Mlingoti husimama wima. Tanga ni la mraba, tena la mkeka, na hapo fundi wa mbao hukwama: humlazimu kumtafuta msusi, amwombe apasue ukindu mwembamba kuliko wa mkeka wowote aliowahi kuusuka.