2,4-D Haikuwa na Kazi Ndani ya Tenki Lile

Mliokuwa ukingoni mwa shamba pale Mbulumbulu, Karatu, mliona wenyewe. Ngano ilishatoa jani bendera, kutu ya njano ilishaanza kuchora mistari kwenye majani ya chini, na tenki la mashine lilishawekwa propikonazoli, dawa ya kutu. Hapo ndipo msimamizi alipoagiza 2,4-D, dawa ya magugu, iongezwe humo humo, trekta lisije likarudi shambani mara ya pili. Lilikuwa kosa, na sioni pa kumtetea.

Mwaka 1974 Mholanzi Jan Zadoks na wenzake, Chang na Konzak, walitupa namba za kusomea ukuaji wa nafaka, kuanzia 00 hadi 99. Siku hizi watu wameziacha. Wanahesabu wiki tangu kupanda, ilhali mvua za Karatu hazifanani mwaka kwa mwaka. Kwa namba hizo, 2,4-D inapigwa ngano ikiwa inatoa machipukizi, ishirini na kitu, kabla shina halijaanza kupanda vifundo. Dawa ya kulinda jani bendera inapigwa likishakunjuka lote, yaani 39. Katikati hapo kuna wiki kadhaa. Ukizipiga zote mbili siku moja, mojawapo lazima iwe nje ya wakati wake. Siku ile dawa ya kutu ilikuwa kwenye saa yake hasa. Ya magugu ilikuwa imechelewa mno.

Watetezi wa safari moja wananiambia dawa hizo zinapatana, zimejaribiwa kwenye chupa. Sibishi. Chupa ilitikiswa na hapakuwa na chenga wala mgando. Lakini jaribio la chupa linakwambia kama nozeli itaziba. Halikwambii ngano imefika wapi. 2,4-D inaiga homoni ya ukuaji ya mmea. Ngano inaivumilia ikiwa kwenye machipukizi, ila suke likishaanza kujengeka ndani ya shina, vijiua vinaweza kushindwa kushika punje. Pasua ala ya jani kwenye mistari ya ngano iliyopigwa uone: suke limejikunja kama ndoano, ncha imenaswa ndani, na vile vijisuke vyeupe ukivibonyeza kwa kucha ni makapi matupu.

Na hayo magugu yenyewe? Kishona nguo kilishakomaa shina na kutoa maua, bangi mwitu vivyo hivyo. Dawa hii inayaweza yakiwa machanga. Shayiri mwitu haiguswi kabisa, maana nayo ni jamii ya nyasi kama ngano. Suke limetolewa kafara kwa ajili ya magugu yaliyokwisha kula mbolea.

Kisha nozeli. Dawa ya kutu inataka matone madogo yafunike jani. 2,4-D inataka matone makubwa, upepo usiyabebe. Walichagua madogo, na mbaazi za jirani zimesokoteka majani hadi mstari wa nne.

Kasi ya trekta, kimo cha mabomba, glavu na barakoa vilikuwa sawa.

Kuchanganya huku kumezoeleka. Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa Arumeru, Monduli, Karatu na Moshi Vijijini. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya viuatilifu, na michanganyiko hiyo haikuwa na maelekezo yoyote mahususi, si kwenye lebo, si kutoka kwa bwana shamba. Mkulima wa kitunguu mwenye bomba mgongoni, ambaye hakuna aliyemwelekeza, ninamwelewa. Msimamizi mwenye trekta na lebo mkononi simwelewi.

Nimeshaliandika hili kuhusu Ngorongoro na nitaliandika tena: magugu yanashindwa kwa wakati kabla hayajashindwa kwa dawa. Bidens schimperi na Gutenbergia cordifolia ndani ya kreta zinafyekwa na kung'olewa, na kazi hiyo haina maana mbegu zikishakomaa. Wazee wa Kimaasai walikuwa wakichoma nyasi kwa msimu hadi walipoondolewa mle ndani ya kreta mwaka 1974. Moto wa kupangwa ulirudishwa mwaka 2001, baada ya ukame na vifo vya wanyama. Wale wazee hawakuwa na namba za Zadoks, lakini siku ya kuwasha waliijua kuliko wengi wetu tunavyoijua siku ya kupiga dawa.

Kilichopaswa kufanyika Mbulumbulu ni kupiga propikonazoli peke yake, kisha kuingiza vibarua wang'oe kishona nguo kwenye kingo zote kabla hakijadondosha mbegu. Hilo la kung'oa bado linawezekana wiki hii. Na mashine ile, inayosubiriwa kwenye maharage kule Rhotia, isitoke kabla tenki, mipira na nozeli havijaoshwa kwa maji yenye amonia, vikalazwa nayo usiku kucha, kisha vikasuuzwa tena kwa maji safi.