Naipaul na Kijiji cha Babu Yake

Kila kinapotajwa kitabu cha V.S. Naipaul kiitwacho An Area of Darkness, kilichotoka 1964, mjadala huishia kwenye swali moja: hivi huyu bwana anaipenda India au anaichukia? Kwa mtazamo wetu swali hili halitufikishi mbali. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tofauti ya mji na kijiji tunayoikuta mle imejengwa na fani ya kitabu, na kwamba fani hiyo inapingana na ushahidi alioukusanya mwandishi mwenyewe.

Naipaul alizaliwa Trinidad mwaka 1932. Babu yake alitoka India akaenda huko kama kibarua wa mkataba. Mjukuu anafika Bombay, ambao tangu 1995 unaitwa Mumbai, kwa meli mwaka 1962. Forodhani ananyang'anywa chupa zake za pombe, kwa kuwa wakati ule pombe pale ilihitaji kibali. Basi, ndiyo mwanzo wa kuzungushwa ofisi hadi ofisi, fomu hadi fomu. Katika ofisi mojawapo mwenzake anazirai. Msafiri anaomba maji, karani hainuki. Kuleta maji ni kazi ya tarishi, na karani si tarishi!

Hapa ndipo kitabu kinapofikia kilele chake cha uhakiki wa jamii. Mwandishi anatuonyesha kwamba mgawanyo wa kazi kwa tabaka la kuzaliwa, ambao wengi wetu tumezoea kuuhusisha na kijiji, umevaa suruali na kukaa mezani katikati ya jiji. Kwa ushahidi huu, mji na kijiji si dunia mbili. Mfumo ni ule ule, umebadili nguo tu.

Sasa tutazame mwisho wa kitabu. Msafiri anakwenda kijiji cha babu yake, mashariki ya jimbo la Uttar Pradesh, akiwa na gari na afisa wa serikali. Anakikuta kizuri kuliko alivyotarajia: miembe, mahekalu meupe. Bibi kizee aliyewahi kuishi Trinidad anamsimulia habari za babu yake. Lakini mara ndugu wanaanza kuhitaji vitu: mmoja anataka fedha za kesi ya shamba, kijana mwingine anaomba lifti tu ya kwenda mjini. Msafiri anamnyima, anaondoka. Naipaul anakiri mwenyewe kwamba kitendo kile kilikuwa cha kikatili, na tumpe haki yake: waandishi wengi wangekificha.

Tatizo letu ni muda. Kule Srinagar, kwenye Ziwa Dal, msafiri alikaa miezi kadhaa katika hoteli ndogo, na mtumishi Aziz akawa mhusika kamili, mjanja, mwenye hasira na utu wake. Bombay nayo imepewa mazungumzo na matukio yanayofuatana. Kijiji je? Kimepewa ziara fupi, na wanakijiji wanasikika zaidi pale wanapoomba. Tukumbuke kwamba sensa ya 1961 ilionyesha kuwa kati ya Wahindi 100, kama 82 waliishi vijijini. Walio wengi wamewekwa sura ya mwisho, nao wanatoka humo kama ombaomba. Hata Aziz angeonekana hivyo kama tungekutana naye kwa saa chache.

Pengine mtu atasema: kwani msafiri ana wajibu wa kukaa? Naipaul amejijibu bila kukusudia. Katika kitabu hicho hicho anamsifu Gandhi kwamba aliiona India kwa jicho la mgeni, kwa sababu ya miaka mingi aliyokaa Afrika Kusini. Aliuona uchafu ambao wenyeji hawakuuona. Ni kweli. Lakini Gandhi aliposhaona alishika ufagio, na mwaka 1936 akahamia kijijini Sevagram. Jicho moja, miguu tofauti.

Mwaka 1990 Naipaul alitoa India: A Million Mutinies Now. Huko amejirekebisha kifani: anawaacha watu waseme kwa kirefu, naye anapunguza sauti yake. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo wasemaji wengi ni wa Bombay, Madras, Calcutta na miji mingine, na kijiji mara nyingi kinatufikia kupitia kumbukumbu za waliokwishakihama. Bado hakijasema chenyewe.

Jamani, jambo hili linatuhusu. Naipaul alikuwa Makerere mwaka 1966, na mdogo wake, Shiva Naipaul, alipita Kenya, Tanzania na Zambia akaandika North of South, kilichotoka 1978. Wazee wetu walipitiwa na kalamu ya aina hii. Na sisi wenyewe, tunaporudi nyumbani likizo na kuandika hadithi zetu kuhusu ndugu wanaoomba ada na nauli, tunashika kalamu hiyo hiyo. Kabla ya kumhukumu Naipaul, tuhesabu katika miswada yetu: mjomba wa kijijini amepewa mistari mingapi ambayo haombi kitu?